Fuwele Kubwa za Profesa Gathogo

Profesa Gathogo hapendi kitu kidogo. Gari lake kubwa, saini yake kubwa, na fuwele zilipotokea katika maabara yetu chuoni Nakuru, alizipenda zile kubwa.

Mimi ni Nakhumicha, mwanafunzi wake wa udaktari, binti wa Nyongesa wa mtaa wa Section 58. Baba alifanya kazi katika kiwanda cha ngozi, akichovya ngozi za ng'ombe kwenye dawa ya kung'oa manyoya. Dawa ile ilinuka mayai viza, ikamla vidole na mapafu, na leo hawezi kupanda ngazi bila kukaa chini aheme. Ndiyo maana nilipopata, kwenye chemchemi za maji moto za Elmenteita, bakteria anayetoa kimeng'enya cha kung'oa manyoya bila dawa hiyo, nililia palepale matopeni.

Shida ni kwamba kimeng'enya chenyewe kilichoka upesi. Ili kukiimarisha ilibidi kwanza tujue umbo lake, na umbo la kitu kidogo hivyo halionekani mpaka kigeuzwe fuwele, chembe ngumu kama za sukari, kisha fuwele ipigwe eksirei. Mashine ya kazi hiyo haiko Kenya. Tuliomba zamu ng'ambo, tukapewa moja. Zamu hiyo ndiyo iliyokuwa digrii yangu, na ndiyo iliyokuwa ahadi yangu kwa baba, kwamba dawa ile haitamla mtu mwingine.

Nilipanga matone ya kimeng'enya hicho, ambacho ni protini, kwenye trei mbili ndani ya friji ya maabara. Trei ya kwanza ilizaa fuwele ndefu, safi, zenye kingo kali kama kioo. Ya pili ilizaa vijisahani vyembamba, vichafu, vimeshikana. Sasa, kila afanyaye kazi hii anaujua mtego uliopo: matone yana chumvi ndani, na chumvi nayo hufanya fuwele, tena za kupendeza. Njia ya kujua ni kuchoma moja kwa sindano. Chumvi hupasuka kwa mlio. Protini husagika kimya, kama sabuni iliyolowa.

Nilichoma kijisahani kimoja, kikasagika. Protini! Nilipoipeleka sindano kwa zile kubwa, Profesa akanishika mkono.

"Nakhumicha, are you serious? Unataka kuharibu hii? Hii ndio picha yetu!"

"Prof, moja tu."

"Hakuna cha moja. Ziko chache, na Friday mkuu wa chuo anakuja kuziona. Hizo takataka zingine weka kando. Tunatuma hizi."

"Na kama ni chumvi?"

"Wewe, imani yako iko wapi?"

Imani! Kitendo cha kufumba na kufumbua, naye ananiletea imani. Kumbe alikuwa ameshachapisha bango, fuwele zimekuzwa kuliko vichwa vya watu, na uso wake mwenyewe pembeni unatabasamu.

Kwetu shukrani hutangulia matokeo. Ijumaa hiyo mahema yalisimama uwanjani, mbuzi wakachomwa, na mchungaji akaiinulia mikono trei ya kwanza, akaombea safari yake. Watu wakasema amina. Hata mimi nilisema, nisije nikaonekana mchawi. Lakini nilikuwa nimeshapanga: Jumatatu, tukigandisha fuwele za kusafirishwa, ningepenyeza vijisahani vyangu kwenye mtungi wa kusafirishia bila kumwambia mtu.

Kisha soda zikagawiwa. Nilipopokea yangu nikaona ni baridi, na friji ya jikoni ilikuwa imekufa tangu mvua za masika. Nikatoka mbio.

Maabarani nilimkuta Abby, karani wa Profesa, akiinua kreti.

"Abby, trei yangu iko wapi?"

"Ile ya uchafu? Prof alisema niitoe kwa friji, soda zitoshe. Niliweka hapo kwa dirisha asubuhi." Akanitazama usoni. "Woi, pole dear. Ilikuwa ya maana?"

Jua lilikuwa limeipiga mpaka ikapata moto. Chini ya hadubini sikuona kijisahani hata kimoja, utelezi wa manjano tu. Protini niliyohangaika kuisafisha mwaka mzima ilikuwa imeishia humo. Sikumlaani Abby. Nilimlaani mwingine, kwa Kibukusu, lugha ya kwetu, na sijutii neno hata moja.

Fuwele kubwa zikasafiri peke yao. Jibu lilikuwa fupi na la adabu: zote ni chumvi, poleni, zamu yenu imekwisha.

Profesa akaita mkutano wa idara. Alizungumza kwa sauti ya chini, ya mtu aliyeumizwa.

"Student wetu ametuma chumvi. Test ya sindano, kitu ya first year, hakufanya. Nakhumicha, kama ulikuwa na doubt, kwa nini hukuniambia?"

Chumba kizima kiligeuka kunitazama. Abby alitazama kikombe chake cha chai. Hasira ilinipanda hadi nikaisikia masikioni. Lakini tasnifu yangu inatiwa saini na yeye. Ufunguo wa maabara anao yeye. Bila yeye siwezi kuanza upya, na huko nyumbani baba ameshawaambia majirani kwamba dawa mpya ya ngozi imepatikana.

"Nisamehe, Prof," nikasema. "Sitarudia."

Akatikisa kichwa kwa upole, kama mzazi, akaniambia nikae.