Jiwe la Kudra

Mwantumu alikuwa bado anatwanga mbegu za maboga pale Kudra alipochovya kidole kinuni, akalamba.

"Ngoja nipike kwanza, binti yangu."

"Tamu, mama."

Punde Kudra akaanza kujikuna. Midomo ikavimba, kama siku zile alipokula karanga. Mwantumu akatupa mchi, akamsukutua kwa maji, akamkalisha kizingitini na kusikiliza pumzi zake. Kufika adhuhuri uvimbe ulikuwa umenywea, ila moyo wa Mwantumu haukutulia. Tangu mtoto alipoachishwa ziwa karanga zilikuwa zinamkataa, na Mbeya ile ya mwaka 1954, nyumbani kwao, mboga isiyoungwa kwa karanga haikuitwa mboga. Kudra aliishi kwa ugali na majani yaliyochemshwa kwa chumvi tu, mbavu nje. Mbegu za maboga ndizo zilizokuwa tumaini. Nazo zikimkataa, ampe nini?

Marta, mkulima wa mlimani aliyewaletea maziwa na zile mbegu, akabisha hodi.

"Mama Kudra, mbona umenuna kama aliyeletewa mke mwenza?"

"Mbegu zako zimemvimbisha mtoto."

"Zangu? Juzi kwangu amekula bakuli zima, akamalizia na la mwanangu Anyitike. Alivimba?"

"Hakuvimba."

"Basi mchawi yuko hapahapa." Marta akainamia kinu, akanusa. "Nyie watu wa mjini! Hiki kimelewa karanga."

"Nimekisugua kwa majivu na maji ya moto!"

"Umesugua ngozi. Mafuta yamo kwenye nyama ya mti."

Barazani, Bibi Mwanakhamisi, mama mkwe wake Mwantumu, akaacha kuchambua mchele. Kinu kilikuwa chake. Aliolewa nacho Bagamoyo, kikapanda naye lori hadi Iringa, kisha Mbeya.

"Kinu hicho kimelea watoto saba," alisema. "Huyo wenu anadeka."

Mwantumu alimwita mtoto karibu. Alichukua mbegu ambazo hazijaingia kinuni, akazimenya kwa kucha, akampa Kudra moja. Wanawake watatu wakakitazama kile kinywa kidogo mpaka Marta akachoka kusimama, akaketi. Midomo ikabaki kama ilivyokuwa.

"Naomba nyingine," Kudra alisema.

Bibi alikitazama kinu chake, kisha akamgeukia Marta. "Huko kwenu mnatwangia nini?"

"Sisi tunasaga kwa jiwe, bibi. Ninalo moja jipya, halijaguswa."

Alasiri jiwe likafika, limebebwa kichwani. Lakini jiwe jipya hutoa mchanga, hivyo sharti lisagiwe pumba kwanza hadi litakate. Mwantumu akapiga magoti, akasaga. Pumba zikatoka za kijivu. Akamwaga, akaanza upya.

"Sogea," Bibi alisema, akikunja kanga yake. "Unasaga kama unalibembeleza."

Akasaga kwa nguvu za ujana wake, kila mara akionja kwa ncha ya ulimi na kutema. "Bado mchanga."

"Tayari, bibi?" Kudra aliuliza.

"Jiwe halina haraka, mjukuu wangu."

Adhana ya magharibi ikawakuta hapo. Usiku ule Kudra alikula ugali kwa maziwa ya Marta, na mbegu zikabaki kwenye chungu, zimefunikwa.

Bibi akachukua ungo alifunike jiwe, kuku wasilichafue. Akasita. Akaugeuza ungo, akaunusa.

"Huu umepepetewa karanga," alisema, akaurudisha ukutani. "Mwantumu, nikatie jani la mgomba. Kesho tutaendelea."