Hodi Elfu Moja na Mia Nne

Mwaka 2001, katika ofisi ya mradi wa visima pale mtaa wa Area D, Arafa binti Zaidi alikuwa amepewa mpaka saa nne asubuhi. Saa nne gari la mtambo wa kuchimba lingeondoka kwenda Kondoa. Likipata orodha ya visima vilivyokauka, lingekwenda kulikokauka. Likiikosa, lingekwenda kwa wakubwa kwanza, na Kolo, anakoishi mama yake, hakujatoka mkubwa hata mmoja.

Takwimu za visima zilikuwa kwenye kompyuta ya chumba cha pili, katika ghala la data lililopanga vitu kwa safu za kusimama: majina yote pamoja, vina vya maji vyote pamoja, tarehe zote pamoja, kama mama wa nyumbani anavyotenga kopo la chumvi na debe la maharage. Programu ya Arafa ilifika huko kupitia draiva, kifurushi cha maagizo kinachojua lugha ya pande zote mbili. Ghala liliitika vizuri tu. Ila tangu saa moja na nusu vilikuwa vimesomwa visima sitini, kati ya elfu moja na mia nne.

Priska wa masjala aliegemea mlango akitafuna karanga, macho kwenye skrini ya Arafa.

"Mwanao, hii programu yako, kila mara anasema anaunganisha. Si ameshaunganisha?"

"Kwa kisima cha kwanza. Akipewa anaaga, anatoka, anabisha hodi tena kwa cha pili."

"Nani kamfundisha?"

"Mimi. Niliona si adabu kukaa kwa watu ukishapewa ulichofuata."

"Na akiingia anaomba nini?"

"Kila kitu cha kisima hicho. Safu thelathini na mbili."

"Shoga, umetumwa chumvi, unafunua makopo yote ya jikoni, unarudi kwenu, halafu unakuja tena."

Arafa alitazama saa. Ilikuwa saa tatu na dakika arobaini. Alifuta mistari kumi na mmoja ya programu, akaandika minne: bisha hodi mara moja, omba majina na vina vya maji, safu mbili tu, za visima vyote, aga. Zikapita sekunde tisa. Printa ndiyo iliyotumia dakika kumi, ikikwaruza orodha kuanzia kisima kikavu zaidi.

Injinia Eliakimu, aliyeongoza safari ya mtambo, aliisoma orodha mguu mmoja ukiwa garini.

"Kwenu si Kolo wewe?"

"Shikamoo. Ndiyo."

"Marahaba. Na Kolo ni ya tatu."

"Viko viwili vikavu zaidi."

"Nitajuaje hukupendelea kwenu?"

"Kwa kupima kina kwa kamba."

"Basi chukua kamba, panda."

Arafa alichukua kamba, akapanda na viatu vyake vya ofisini.