Muuzaji Huonja Kwanza

Mzizi wa nibima ukiuvunja, ndani ni njano. Hilo hata mjinga wa hapa Techiman analijua, maana ndiyo dawa yetu ya homa. Asubuhi ile nilivunja mmoja kutoka gunia jipya, ukatoka mweupe. Nikavunja mwingine, mweupe vilevile, na utomvu juu. Moyo ukanilipuka paa.

Babu alituonya kuhusu mzizi mweupe unaofanana na nibima. Alisema wawindaji wa zamani waliupaka kwenye mishale.

Juzi mvua iliwazuia wachimbaji wetu, mama akanunua gunia kwa mtu asiyemjua. Wagonjwa walikuwa wengi, akapika nusu ya gunia bila kuvunja hata mzizi mmoja. Yeye huyo anayenigombeza nikisahau! Na chupa zote alishazipeleka sokoni.

Nilikimbia na ule mzizi mkononi, kanga ikinifunguka, sikujali. Niliogopa hata kufika.

Nikamkuta mzee Twumasi ameketi mbele ya meza yetu, anamtania mama kwamba amemmiminia yeye kabla mwenyewe hajaonja, kwani anataka kurithi shamba lake la kakao? Watu wakacheka. Kwetu muuzaji asiyeonja kwanza hauzi. Mama naye akacheka, akajimiminia chake, akakiinua.

Nikisema, jina la mama limekwisha, na la bibi aliyemrithisha meza hii pia. Basi na liishe.

"Mama, usinywe."

"Umerogwa wewe? Salimia wakubwa kwanza."

Sikusalimia mtu. Nilimshika mkono, nikauweka mzizi mezani, sehemu iliyovunjika ikimtazama. Mama aliuangalia, akakishusha kikombe. Mzee Twumasi akatua kikombe chake taratibu, akasogeza kigoda nyuma, na kicheko chote kikakauka.

Mimi nililia kwa furaha, nikasema Mungu ni mkubwa, nimewahi.

Mama hakunitazama. Alikuwa anahesabu nafasi zilizobaki wazi kwenye safu ya chupa.

"Afriyie, kimbia kwa Pokuaa, mtoto wake asinywe. Kisha kwa fundi Donkor. Kisha kwa yule mama wa viazi vikuu. Waambie wamwage, na aliyekunywa aende hospitali sasa hivi."

Nikageuka kukimbia, nikasita.

"Na wewe, mama?"

Akakalia kigoda, mkono kifuani.

"Hao wote, mwanangu, niliwaonjea."