Mkasi wa Mtaa wa Bondeni

Himaya ninayoisimulia haiko mbali wala karibu, na atakayejiona ndani yake, shauri yake. Huko hewa haikuvuma ovyo. Ililetwa mitaani kwa mifereji, kila mtaa na fungu lake. Mfalme aliishi ndani ya ngome na hakutoka kamwe. Amri zake zilitoka zimeandikwa kwenye ukanda mrefu wa kitambaa, na kwa kuwa Mfalme hakujua kusema kwa ufupi, kati ya amri na amri alijaza sifa za mababu zake. Ndiyo maana kila mtaa ulikuwa na mshona-amri: akate sifa, aunge amri kwa sindano, ampe mpiga mbiu akaisome. Kuongeza neno adhabu yake ilikuwa kifo. Kupunguza amri yenyewe hakukuwa na sheria, maana nani angethubutu?

Bi Kazija alikuwa mshona-amri wa Bondeni. Binti yake wa pekee, Raya, aliolewa mtaa wa pili, Kilimani, unaopakana na ngome, akashika kazi hiyo hiyo, na sasa alikuwa na mimba ya kwanza.

Bondeni kulijengwa bila kiasi. Jumbe, mkuu wa mtaa, alipandisha nyumba juu ya nyumba mpaka mifereji ikabanwa. Hewa ikawa haba. Watu wakawa wanazungumza nusu nusu, wazee wanakaa vizingitini midomo wazi. Bi Kazija akipanda ngazi alishika ukuta. Aliogopa, jamani. Aliogopa hata kulala, asije akasahau kupumua.

Ndipo ukaja ukanda ambao Mfalme huutuma kwa kila mtaa unaopungukiwa hewa. Bi Kazija alikata sifa, akausoma barazani mbele ya Jumbe na wazee:

"Wachimbe mifereji, kwa idhini ya jirani, wasijenge tena, na nyumba iliyooza mwenyewe aibomoe."

Nyumba iliyooza kuliko zote ilikuwa ya Jumbe. Kila mtu alijua, na kila mtu akatazama miguu yake.

"Ndefu mno," Jumbe akasema. "Watu hawana pumzi ya kusikiliza yote hayo. Ipunguze."

"Niipunguze wapi, Mheshimiwa? Sifa nimeshazitoa."

"Toa jirani. Toa kutojenga. Toa nyumba."

"Lo! Huko si kughushi?"

Kadhi wa mtaa akajikohoza. "Utaongeza neno, mwanangu?"

"Hapana, Sheikh."

"Basi kila neno litakalosomwa ni la Mfalme. Kughushi kuko wapi? Funika kombe mwanaharamu apite."

Wazee wakacheka kwa pumzi fupi. Jumbe akamwinamia Bi Kazija, akasema taratibu, kama anayempa pole, "Mfereji wa kwako unapita uani kwangu, bibi. Sipendi uzibe."

Bi Kazija akachukua mkasi. Mpiga mbiu akatoka na kitambaa kifupi: "Wachimbe mifereji."

Wakachimba. Wakatoboa ukuta wa Kilimani bila hodi, hewa ikaingia kwa kishindo. Watu walikumbatiana. Bi Kazija alivuta pumzi mpaka kifua kikauma, akalia kwa raha. Alilia hivyo hivyo mpaka akakumbuka hewa ile inatoka kwa nani, na raha yote ikamtoka.

Jumbe hakushiba. Akapandisha ghorofa nyingine, hewa ikapungua tena, wakachimba tena. Nyumba zilizooza hazikubomolewa, zilitiwa rangi. Halafu watu wa Bondeni wakaanza kupita mle mle mifereji­ni, na mbao zao mbovu begani, kwenda kujenga kwa majirani.

Bi Kazija naye akapita, akikimbia na kusimama, akisimama na kukimbia. Alitaka neno moja tu: Raya apeleke kilio ngomeni, amtaje mama yake kwa jina kuwa ndiye aliyeikata amri, hata kama mama atakatwa kichwa.

Alimkuta binti yake ameketi sakafuni, midomo imekuwa ya buluu, mkono mmoja tumboni. Mwingine ulikuwa na mkasi. Amri ile ile ya Mfalme ilikuwa imewafikia Kilimani nao, neno kwa neno. Mpiga mbiu alishaondoka na kipande chake, na pembeni mwa Raya kilibaki kitambaa kilichokatwa: kwa idhini ya jirani, wasijenge tena, na nyumba iliyooza mwenyewe aibomoe.

"Raya! Nani amekulazimisha? Ni Jumbe?"

"Jumbe hajafika huku, mama."

"Basi nani kakufundisha?"

"Hakuna." Alihema, akangoja, akahema tena. "Hewa ilipopungua, mkono ulikata wenyewe."

Nje majembe yalikuwa yameanza, na safari hii yalielekea ngomeni. Bi Kazija akapiga magoti amshike mwanawe. Raya akamsukuma kwa kiwiko, bila hasira.

"Kaa mbali kidogo, mama. Unanimalizia hewa."