Kielelezo F na Jina la Tatu

Lebo ya njano ni ya aliyefungua shauri, ya bluu ni ya anayelijibu, na zote hubandikwa kona ya chini kulia bila kufunika maandishi. Angelika alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka mitatu, katika chumba kilichokuwa juu ya duka la kinyozi huko North Buffalo, Marekani. Mawakili wa Louisville, Columbus na palepale Buffalo walituma makaratasi yao kwa bahasha. Yeye alibandika lebo, Bisimwa akayapitisha kwenye skana, na Bi. Nowicki, mwenye ofisi, akayatuma kwa kompyuta kwenye mahakama za majimbo yao matatu. Ilikuwa mwaka 2015, na mahakama zilikuwa zimechoka kupokea maboksi.

Kielelezo kikishabandikwa lebo huanza kufanya kile kilichomo ndani yake, mpaka mahakama ikipokee. Hilo kila mtu ofisini alilijua. Picha za nyumba zilizofurika zilichuruzika, kwa hiyo ziliwekwa rafu ya chini, penye beseni. Picha ya mbwa aliyemng'ata mpeleka barua ililazwa kifudifudi na kuwekewa kamusi juu. Cheti cha ndoa cha watu waliokuwa wanaachana kilinukia pilau siku mbili, na Bisimwa akala mkate wake mkavu kwa raha zake. Mahakama yenyewe haikupata lolote katika hayo, kwa sababu skana huona wino tu. Bi. Nowicki alikuwa na amri moja, na aliirudia kila Jumatatu: sisi hatusomi, tunabandika.

Jumanne moja ya Machi ikaja bahasha nene kutoka Louisville. Angelika alibandika A mpaka E bila tatizo. Alipobandika F, karatasi ikaanza kuimba.

Ulikuwa wimbo wa maombolezo wa Kirundi, sauti nyingi pamoja, na nyuma yake mzee akikohoa na sufuria ikifunikwa. Chumba kikajaa harufu ya maharage na chai ya tangawizi. Bisimwa, mtu wa milima ya Kivu ya Kusini, aliinua kichwa.

"Bon, dada Angelika, hii iko naimba muzuri," alisema. "Ni ya kwenu, hapana?"

Ilikuwa ya kwao. Angelika aliisikia sauti yake mwenyewe humo, kwenye sauti ya pili, ikichelewa kidogo kama kawaida yake. Ikambidi avunje amri ya ofisi, akasoma.

Ilikuwa karatasi iliyochanwa kwenye daftari la msiba wa dada yake, Spés, aliyefariki Louisville mwezi Oktoba. Tangu kambini Tanzania walikokulia, Warundi wa kanisa lao hawakai msiba bila daftari. Kila anayekuja kulia na wafiwa huandika jina lake na kutia saini, ili siku yake naye ikifika, wajulikane wa kwenda kwake. Majina yalikuwa thelathini na saba. La kwanza lilikuwa la mzee Jovini wa kanisa, la pili la kaka yao Sylveri, la tatu lake yeye. Lakini pale juu, palipokuwa pameandikwa "Waliofika kumlilia Spés", palikuwa pamekatwa kwa mkasi. Pamebandikwa kwa gundi kipande kingine, kimepigwa chapa kwa Kiingereza: sisi ndugu na waumini tuliotia saini hapa tumekubali mtoto Kornelia alelewe na mjomba wake Sylveri, huko Columbus.

Kornelia ndiye mtoto pekee aliyeachwa na Spés. Alikuwa na miaka tisa, na saa hiyo alikuwa shuleni Kenmore, karibu na Buffalo, maana tangu mazishi aliishi na Angelika. Spés mwenyewe ndiye aliyemkabidhi, kitandani hospitalini, kwa mdomo wake, huku Sylveri akiwa amemshika mkono na kuitikia, "Ndiyo, dada." Hakuna aliyeandika. Kwao usia wa mama hauombwi karatasi, na Angelika hakuwahi kuwaza kwamba kaka yake angekuwa wa kwanza kuiomba.

Akatoka kwenye ngazi, akampigia simu.

"Kaka, umefanya nini?"

"Hata shikamoo hakuna?"

"Nina karatasi ya msiba mkononi. Umeikata."

"Angelika," Sylveri alisema taratibu, "ulisaini au hukusaini?"

"Nilisaini msiba!"

"Basi ulisaini." Nyuma yake watoto wachanga walikuwa wanalia kwa zamu. "Mke wangu ana mapacha, na mimi niko ghalani kutwa. Tunahitaji msichana wa kutushikia watoto. Wewe unamlea yule kama yai."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungekataa."

Huyu ndiye Sylveri aliyechapwa viboko kambini kwa ajili yake, akisema ni yeye aliyepoteza kadi ya chakula. Angelika alilia palepale kwenye ngazi, akalia kwa hasira zaidi ya huzuni, kisha akanawa uso na kurudi ndani. Alimweleza Bi. Nowicki habari yote. Bi. Nowicki alisikitika kwa dhati, akamletea kahawa, halafu akamkumbusha kwamba hawasomi.

Basi Angelika akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akaibandua lebo ya njano kwenye kona yake, akaibandika juu ya jina la tatu, akaikandamiza kwa kidole gumba. Bisimwa aliona, akapitisha karatasi kwenye skana.

Kesho yake mahakama ikairudisha. Ujumbe ulikuwa wa mstari mmoja: lebo ya Kielelezo F imefunika maandishi, rekebisha utume upya. Mkato wa mkasi hawakuuona, gundi hawakuiona, lakini lebo waliiona.

Bi. Nowicki akaja kusimama nyuma ya kiti chake, kwa upole, mikono kifuani. Angelika akaibandua lebo polepole, na jina lake likatoka nayo, saini na yote. Majina ya chini yakapanda mstari mmoja kuziba nafasi. Ikabaki orodha ya watu thelathini na sita, safi, isiyo na pengo, nayo ikaendelea kuimba.

"Sauti moja imepotea," Bisimwa alisema. "Ile yenye ilikuwa nachelewa."

"Ilikuwa yangu," Angelika alijibu, na kwa mara ya kwanza juma hilo akacheka. Uongo wa Sylveri ungekwenda mahakamani bila yeye, na hakimu angeona wazi kwamba mwenye mtoto hakukubali. Aliikunja ile lebo ikawa kidonge, akaitupa pipani, akabandika nyingine mahali pake. Saa nne na dakika kumi mahakama ikaipokea, na karatasi ikanyamaza.

Shauri lilisikilizwa Louisville mwezi wa Aprili. Angelika alikwenda kwa basi, Kornelia amelala begani kwake njia nzima. Wakili wa Sylveri hakuwa na maneno mengi. Alisema watu thelathini na sita wamekubali, na huyu mama mdogo anayepinga hayumo kwenye orodha. Hata msibani hakufika.

"Nilifika," alisema Angelika. "Nilipika siku tatu. Na hiyo si karatasi ya makubaliano, ni ya msiba. Imekatwa juu."

Hakimu, mama mwenye miwani na sauti ya chini, aliipitia orodha kwa kidole.

"Utajuaje, na hukuwepo?"

Akaitwa mzee Jovini, asiyesoma Kiingereza, akaulizwa kupitia mkalimani mambo mawili tu. Je, saini ya kwanza ni yake? Ni yake. Je, alimwona Angelika? Mzee alikuwa amekaa jirani naye siku zote tatu, na Angelika ndiye aliyekuwa akimtilia sukari kwenye chai. Sasa akamgeukia kwa huruma nyingi.

"Mwanangu, mimi sikukuona. Iliniuma sana, kwamba hukuja kumzika dada yako."

Mzee Jovini hakuwahi kusema uongo maishani mwake, na siku hiyo pia hakusema. Angelika akatoa simu, akatafuta picha ya jikoni, ile aliyopigwa akikoroga maharage. Sufuria ilikuwepo, mvuke ulikuwepo, mwiko umesimama katikati ya maharage, na hapakuwa na mkono. Akaizima simu. Upande wa pili Sylveri alikuwa ametulia kabisa, kwa kuwa hakuwa tena na haja ya kudanganya. Kabla ya saa sita hakimu alikuwa ametia saini.

Gari la Sylveri lilikuwa limeegeshwa juani, viti viwili vya mapacha vikiwa nyuma. Kornelia aliingia katikati yao na begi lake la shule mapajani. Aliuliza kwa Kiingereza, kama alivyozoea, na hakuuliza kwa ubaya.

"Mama mdogo, kwa nini hukuja kumzika mama?"

"Nilikuja," Angelika alimjibu kwa Kiswahili. "Nilikupakata kutwa nzima."

Mtoto akafikiri. Alijitahidi kweli kukumbuka, uso umekunjamana.

"Hapana," alisema. "Nilikaa peke yangu. Nilikuwa nautazama mlango."

Angelika akamvutia mkanda wa kiti mpaka ukalia, akamwambia ale vizuri, akafunga mlango.