Kiti cha Nyuma

Gereon Pützfeld aliingia kwenye duka la pikipiki la Nöthen, nje kidogo ya Adenau, akaenda moja kwa moja mbele ya pikipiki ya kwanza na kuuliza ina nguvu za farasi ngapi. Mazoea hayo. Miaka hamsini alikuwa akichagua pikipiki kwa kuanzia mbele.

"Baba, ya mbele niachie mimi," alisema binti yake, Silke. "Wewe kiti chako ni kile cha nyuma."

Nöthen mwenyewe alijifanya anapangusa kioo. Trude, mkewe Gereon, aliyekwisha kupewa kahawa na kiti karibu na dirisha, hakujifanya chochote, alicheka waziwazi.

Februari daktari wa macho alikuwa amemkataza Gereon kuendesha. Pembeni bado aliona vizuri, lakini katikati ya kila kitu palikuwa na ukungu, na katikati ndiko barabara inakopita. Leseni aliirudisha mwenyewe, akapanda basi kurudi nyumbani. Silke alipomwambia kwamba Juni hii wataenda Norway mpaka Nordkapp, kwenye ncha ya kaskazini ya Ulaya, ile safari ambayo mzee kila mwaka aliisukuma mpaka mwakani, na kwamba ataendesha yeye na baba atakaa nyuma, Gereon alipandwa na hasira. "Mimi si mzigo!"

Neno hilo alilianzisha yeye, zamani. Waendesha pikipiki wakipishana, kila mmoja huteremsha mkono wa kushoto kando ya goti, vidole vimekunjuliwa, na salamu imekwisha. Mwaka wa kwanza wa ndoa, Trude alijaribu kuitoa akiwa nyuma. "Dereva ndiye anayesalimia," Gereon alimwambia. "Mzigo hausalimii." Kisa hicho alikirudia kwenye kila karamu ya klabu yao ya pikipiki, akiongezea kwamba yeye Ulaya nzima wanamjua: kutoka Ureno hadi Slovenia hajaona mtu anayeitikiwa salamu kwa furaha kama yeye, wengine mpaka wanasimama juu ya pikipiki zao.

Trude ndiye aliyewapatanisha. Kikipatikana kiti ambacho Gereon anaweza kukikalia saa mbili bila kulalamika, anaenda. Kisipopatikana, Silke anaenda peke yake. Gereon alikubali haraka mno. Alikuwa na uhakika hakitapatikana.

Pikipiki ya kwanza ilikuwa ya Kiitaliano, nyekundu, nyembamba, na Silke alikuwa ameitolea macho tangu mlangoni. Gereon alipanda nyuma, magoti yakamjia karibu na kidevu.

"Haifai," alisema, na furaha ikamshinda kuificha.

Ya pili kiti kiliinama mbele. "Naserereka mpaka mgongoni kwa dereva. Haifai."

"Baba, hata dakika hujakaa!"

"Matako ni yangu au yako?"

Trude akaweka kikombe chini. Alichukua fimbo yake, maana nyonga mpya ilikuwa bado inamsumbua, akapita katikati ya pikipiki zote zilizong'arishwa mpaka ukutani. Pale palikuwa na moja ya Kijapani, iliyokwisha kutumika miaka mitatu, pana, ya rangi ya kahawia ambayo hakuna aliyeitaka. Alibonyeza kiti cha nyuma kwa ngumi. Akapima kwa mkono kutoka kiti hadi pa kukanyagia, akainama kuangalia bomba la moshi linapita wapi.

"Halitamchoma kifundo cha mguu," alisema. "Nöthen, unaweza kuweka sanduku la nyuma lenye egemeo?"

"Naweza, mama."

"Weka. Na kioo cha mbele kinapanda? Maana upepo anaoukwepa dereva unamwangukia aliye nyuma, shingoni hapa. Mbona hata urefu wa abiria hujauliza? Nani amekufundisha kuuza?"

Nöthen akatafuta kalamu na kuanza kuandika.

Gereon alimgeukia mkewe. "Umeyajulia wapi haya yote?"

"Mgongoni kwako, miaka thelathini na moja."

"Na hukuwahi kusema?"

"Nilisema sana. Ulikuwa umevaa helmeti."

Sanduku lilipokwisha kufungwa, Gereon akapanda. Magoti yalitulia, mgongo ukapata pa kuegemea. Alitafuta kasoro, akaikosa. Silaha ilikuwa imebaki moja.

"Kilo karibu mia tatu hizi, na mimi juu yake. Silke hataiweza."

Silke aliitupia ile nyekundu jicho la mwisho. Kisha akapanda mbele ya baba yake, akaishika mikono ya usukani, akaiinua ile ya kahawia ikasimama wima katikati ya miguu yake, baba, sanduku na yote. Haikutikisika.

"Bado upo, Baba?"

Gereon akamshika kiunoni.

Walitoka kuijaribu saa nne kasorobo. Kwenye kona ya kwanza Gereon alikaza mwili wote, na mguu wake wa kulia ukatafuta breki isiyokuwepo.

"Baba, legea! Gunia la saruji lina adabu kuliko wewe!"

Akalegea. Basi pikipiki ikalala kwenye kona iliyofuata, ikainuka, ikalala upande wa pili, taratibu, bila kukurupuka. Ilikuwa njia ile ile aliyomfundisha Silke akiwa na miaka kumi na minane. Halafu ikaja kona ya kinu cha unga, ile ambayo yeye siku zote aliiogopa na hakumwambia mtu, na Silke akaipita kama anayepita sebuleni kwake. Gereon alihisi fahari ikimpanda kifuani. Mwanangu ananishinda, alijisemea, na hakuna neno lililowahi kumpendeza hivyo.

Kwa mbali akasikia ngurumo za pikipiki mbili zikija kutoka mbele. Silke alikuwa kwenye kona, mkono wa kushoto kwenye klachi, hakuweza kuachia. Mkono wa kushoto wa Gereon ukashuka wenyewe kando ya goti. Wale wawili wakaitikia.

Waliporudi, Trude alikuwa amesimama nje ya duka. Katikati ya ukungu Gereon hakumwona, ila alipogeuza uso kidogo lilimjia koti lake la bluu pembeni. Akateremsha mkono. Trude akahamishia fimbo kulia, akateremsha wake, vidole vimekunjuliwa, sawasawa kabisa.

"Mmekaa barabarani saa mbili na dakika ishirini!" Nöthen alisema. "Nilikuwa karibu kupiga simu. Kiti vipi?"

"Kiti?" Gereon alishangaa. "Nilikisahau. Muulize dereva wangu kama ameipenda pikipiki."

"Ameipenda," alisema Silke, akivua helmeti, macho yamemlowa.

Gereon alishuka polepole, akamwendea mkewe. "Salamu ile umejifunza lini?"

"Mwaka ule ule ulionikataza. Nilikuwa naitoa nyuma yako. Kila aliyepita."

"Kila aliyepita?"

"Wengine nikiwapungia mikono miwili."

Gereon alisimama akiihesabu Ureno, Uhispania, Milima ya Alpi, Slovenia, na wale wote waliosimama juu ya pikipiki zao. Kisha akacheka mpaka akamshika mkewe bega asianguke, akamgeukia Nöthen, kifua mbele.

"Umesikia? Ulaya nzima wanamjua mke wangu."