Shimo Lisilo na Mti

Arvi Kotilampi alikuwa anajimiminia kahawa ya tatu alipomwona Hilja ziwani. Kahawa ikajaa kikombe, ikajaa kisahani, ikaanza kutambaa mezani, na yeye macho dirishani tu.

Hilja Sormunen hapiti pale. Miaka yote anazunguka na rasi, kwenye njia iliyokanyagwa na kila mtu wa Kuikkalahti anayekwenda dukani au kanisani. Ila wiki ile theluji ilishuka nzito, ikaikandamiza barafu, maji yakapanda juu kule rasini, ukipita unalowa hadi soksi. Basi bibi kaamua kukata ziwa moja kwa moja. Kasimama nyuma ya potkuri yake, kile kiti chenye vyuma viwili virefu vya kutelezea, mguu mmoja juu ya chuma, mwingine unasukuma, pah, pah, pah. Miaka sitini na nane, kagawa barua maisha yake yote, ana mapaja ya farasi. Kitini kafunga sufuria ya maandazi ya mdalasini ya wanakwaya.

Na mbele yake, kama mita mia tatu hivi, kulikuwa na shimo la Arvi.

Huku ukitoboa barafu ili uvue samaki, unaweka mti. Mtoto anajua hilo kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Miche minne ya msonobari, mmoja kila pembe, mtu aione hata kwenye ukungu. Ulevi watu watakusamehe, talaka watakusamehe. Shimo bila mti, hapana.

Arvi hakuweka, na wala hakusahau. Shimo lilikuwa upande wa Hilja.

Maji yao yanapakana kwa mstari wa jiwe kubwa na mnara wa kanisa. Miaka kumi na moja iliyopita Arvi alimfukuza Hilja asipite ufukweni kwake, akamwambia hii si barabara, na tangu siku ile hawajasemezana. Wakikutana dukani, mmoja anajifanya anasoma mkebe wa njegere mpaka mwenzake apite. Lakini Januari ndiyo mwezi wa made, yule samaki mwenye udevu mmoja kidevuni, na made wa Kuikkalahti wana ubaya wao: wanapita upande wa Hilja. Basi Jumatatu alfajiri Arvi akatoboa shimo pana kama mlango wa sauna, akatega wavu. Akafunika na bamba jeupe lile jepesi linalokuja na friji kwenye boksi, ili maji yasigande, na juu yake akafukia theluji. Miche akaiacha imeegemea ukuta wa nyumba. Angeiweka, Hilja angejua.

Sasa akaibeba yote minne kwa mkupuo, akatoka mbio na ndara za nyumbani, bila koti, bila hata zile sindano za chuma za kujivutia juu ya barafu ukitumbukia, ambazo kila mtu mwenye akili anazivaa shingoni akienda ziwani.

"Hilja! Simama! Usipite hapo!"

Kichwa cha Hilja kikainuka. Miaka kumi na moja bila neno, halafu neno lenyewe ni lile lile.

"Ziwa si la babako, Arvi!"

Akaongeza mguu. Pah, pah, pah.

"Rudi! Zungukia kule!"

"Mwambie mbwa wako arudi! Mimi nina mazoezi ya kwaya!"

Arvi alikuwa ameshaingia kwenye barafu, theluji magotini, ndara moja imeshabaki nyuma. Mita mia mbili.

"Kuna shimo! Nakwambia kuna shimo!"

"Shimo gani? Mti uko wapi?"

"Halina mti!"

"Basi hakuna shimo! Nenda kanywe dawa ukalale!"

Sasa utambishia nini? Hata Arvi angejibu vile vile. Toka azaliwe hajawahi kusikia mtu wa Kuikkalahti aliyetoboa akaacha wazi. Kama anataka aaminiwe, ilikuwa lazima aseme ni la nani, na kwa nini halina mti. Neno lile likamkaa kooni kama mwiba wa samaki. Hilja mita mia. Hilja mita themanini.

"Ni langu!" Arvi akalitema. "Nakuibia, Hilja! Nimetega wavu upande wako!"

Hapo hapo upepo ukavuma kutoka mgongoni kwa Hilja. Ukayachukua maneno yote, ukayarudisha nyumbani kwa Arvi.

"Huu-u!" Hilja akajibu kwa kejeli, akainama kabisa juu ya mpini.

Ikabaki kuwahi. Arvi akakimbia, mguu mmoja soksi tupu, miche inamchapa usoni, akafika pale, akakwama. Hakulijua lilipo. Kalifukia vizuri mno, na usiku theluji mpya imelaza kila kitu sawa kama shuka. Akatazama jiwe. Akatazama mnara. Hatua moja kushoto. Hapana, kulia. Vyuma vya potkuri vilishaanza kusikika vikiimba.

"Toka njiani, mzee, nitakukanyaga!"

Arvi akapiga hatua nyingine, na chini yake kitu kikasema *krap*.

Akazama hadi kifuani. Miche ikalala kukingama shimo, ikamshika kwapani, la sivyo angepita mzimamzima. Baridi ikamnyang'anya pumzi yote, akabaki mdomo wazi kama samaki.

Hilja alikanyaga kwa visigino vyote viwili. Potkuri ikayumba, ikasimama hatua nne tu kutoka kichwa cha Arvi. Alilala kifudifudi, akaisukuma potkuri kwa mikono, vyuma mbele.

"Shika. Shika, mpumbavu wee. Piga miguu."

Akavuta kwa mapaja yale ya farasi, na Arvi akatoka nusu, halafu akatoka wote. Mguuni kwake ulikuwa umejiviringisha wavu, na kwenye wavu made wanne wanene wanajinyonganyonga.

Hilja akautazama wavu. Akatazama lile jiwe, akatazama mnara wa kanisa, taratibu, kama anasoma anwani kwenye bahasha.

"Tangu lini?"

"Ju-Jumatatu."

Akamtupia koti lake. Akaichomeka miche kwenye theluji, mmoja kila pembe, akiikandamiza kwa buti. Halafu akafungua sufuria, akawatupia made juu ya maandazi, wote wanne, akafunika.

"Kesho saa nane kuna mazoezi tena. Nitapita hapa hapa," akasema. "Hiyo miti mimi siiamini tena. Nakutaka wewe usimame hapo."

Kesho yake saa nane kasorobo Arvi alikuwa amesimama kando ya shimo, makoti mawili, anakohoa. Kule ufukweni, nje ya duka, watu walikuwa wametoka na vikombe vyao kumtazama. Hakuna aliyecheka, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Hilja akaja, pah, pah, pah. Hakusalimia. Alipomkaribia tu akapunguza mwendo, akamwekea chupa ya chai miguuni kwenye theluji, akaendelea zake.

Arvi akaifungua kwa vidole vilivyokufa ganzi. Ilikuwa supu ya made, ya moto, viazi vingi. Akainywa mpaka chini akitafuta ini, maana utamu wote wa made uko kwenye ini.

Halikuwemo.